Osward Sumaku na Treni Iliyokwama

Osward wa Majengo alikuwa na uwezo wa kumsimamisha mama aliyetoka mbio kununua chumvi, akasimama mpaka mboga ikaungua nyumbani. Pale sokoni Mpanda walimwita Sumaku, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa. Hakuwa na duka wala meza. Alikuwa na begi jeusi, kipande cha kitambaa chekundu, na mdomo wake.

Watu walidhani siri yake ni kelele. Wapi! Waliopiga kelele ni wauza sumu ya panya, na watu waliwapita kama hawawaoni. Osward alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu mmoja jambo la aibu, na aliyetaka kusikia ikabidi asogee. Wakishasogea, alimchagua mmoja wa mbele akampa ncha ya kile kitambaa. "Nishikie hapa, ndugu yangu, usiiachie." Basi huyo hakuondoka tena, na wenzake hawakuondoka, wakitaka kuona kitambaa ni cha nini. Hakikuwa cha chochote. Hapo ndipo alipoanza hadithi. Aliipandisha polepole, akaifikisha mahali ambapo msikilizaji anasahau hata kumeza mate, kisha akanyamaza na kufungua begi. Watu walinunua huku wakingoja mwisho, na mwisho haukuja. Akishauza, alikunja kitambaa akahama, na soko hilo halikumwona tena mpaka mwezi upite.

Mwaka ule wa mvua za El Nino alikuwa akiuza mafuta ya kuzuia mbu. Aliyachanganya mwenyewe chumbani kwake: mafuta ya alizeti, mchaichai, na kafuri kidogo ili yanuke kama kitu cha hospitali. Aliyatia katika vichupa vya dawa za sindano alivyookota na kuviosha, akayapa jina, Funga Mlango. Kama yalizuia mbu kweli, Osward hakujua. Hakuwahi kukaa na mnunuzi wake mpaka jioni.

Siku moja ya mwezi wa pili alipanda treni ya kwenda Kaliua, begi limejaa. Behewa la daraja la tatu lilikuwa limeshonana. Pembeni yake alikaa Mzee Kashinje, Msukuma mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa mwili mkubwa aliyemeza nusu ya benchi bila kuomba radhi. Kituo cha Katumba akaingia mama mmoja kijana kutoka makazi ya wakimbizi Warundi, jina lake Emelyne, amembeba mgongoni binti yake Candide wa miaka minne. Alikuwa akienda Ulyankulu kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Kibali cha kutoka makazini, cha siku saba, alikikunja akakitia katika kifuko kidogo cha shingoni, na kila baada ya muda alikigusa. Nafasi aliyoipata ilikuwa mkabala na Osward, magoti kwa magoti.

Saa kumi jioni, kabla ya kufika Mto Ugalla, treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Gadi wa treni, bwana mmoja mwembamba aitwaye Cletus, akapita behewa kwa behewa.

"Tuta limekatwa na maji huko mbele. Tunarudi Katumba."

Wakarudi kinyumenyume, taratibu, kama nusu saa. Treni ikasimama tena, na safari hii Cletus hakuja upesi. Alipokuja, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Nyuma nako maji yalikuwa yamekula tuta. Reli zilibaki zinaning'inia hewani kama kamba za kuanikia nguo.

"Sasa tutakaa hapa mpaka lini?" akauliza Mzee Kashinje.

"Mpaka watakapokuja."

"Watakuja lini?"

"Mzee, ningejua ningekuambia."

Osward akachungulia dirishani. Maji kulia, maji kushoto, ncha za majani tu ndizo zilizoonekana, na mbali kidogo mstari mweusi wa msitu. Watu walianza kulalamika, wengine kusali. Yeye alijisikia jambo ambalo baadaye alilionea haya. Alifurahi. Katika maisha yake yote ya sokoni alikuwa hajapata kuwa na watu ambao hawana pa kwenda.

Jua lilipoanza kushuka na mbu wa kwenye maji wakaanza kuimba, alisimama katikati ya behewa. Hakuhitaji kitambaa.

"Nyie mnaijua Kakese?" alianza, kwa sauti ile ya chini. "Basi kule Kakese alikuwako bwana mmoja, Ponsian. Mtu mpole. Ila alikuwa na jambo lake. Kila jioni mke wake akipakua ugali, Ponsian alichukua sahani mbili, akatoka nazo, akapotelea shambani. Akirudi, sahani zote mbili tupu, zimeoshwa. Mke akauliza, unakula na nani? Akajibu, nakula mwenyewe. Mwezi, miezi miwili. Siku moja mke akaamua kumfuata. Akapita kwenye mahindi ameinama, kanga ameifunga kiunoni, hata kukohoa anaogopa. Akamwona mumewe amesimama mbele ya kibanda cha udongo. Kibanda hakina mlango! Hakina dirisha! Kina tundu moja tu, la kupitisha sahani. Ponsian akapitisha sahani ya kwanza, na mkono ukatoka ndani, ukaipokea. Mke akangoja mumewe aondoke. Akasogea. Akaweka jicho kwenye lile tundu. Na jamani, mle ndani akaona…"

Akanyamaza. Behewa zima likanyamaza naye. Pakasikika "pwaa!", mtu mmoja kajipiga kofi la mbu shavuni.

"Mnaona?" akasema Osward, akafungua begi. "Mbu hawatuachi hata tusikilizane. Nina kitu hapa, kinaitwa Funga Mlango."

Aliuza mpaka mikono ikachoka kutoa vichupa. Wengine wakaja kutoka mabehewa ya jirani. Emelyne alichukua viwili.

"Kaka, hata mtoto anapakwa?"

"Dada yangu, mtoto ndiye wa kwanza."

Emelyne akampaka Candide miguu, mikono na shingo. Kitenge ambacho angemfunika nacho akakikunja kikawa mto, kwa sababu kulikuwa na joto na sasa hapakuwa na haja ya kumfunika.

Mafuta yale yalinukia vizuri kwa muda wa kama saa moja.

Kulipopambazuka, Osward alifumbua macho akakuta watu wanamtazama. Nyuso zilikuwa zimevimba, midomo imevimba, kuna bwana mmoja ambaye jicho lake moja halikufunguka. Mzee Kashinje aliinua mkono wake mnene akauweka mbele ya uso wa Osward, ukiwa na vipele toka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Soma," akasema.

"Mzee, huenda ulipaka kidogo…"

"Nilimaliza kichupa."

Sokoni, wakati kama huu angekuwa ameshafika kijiji cha tatu. Osward akachukua begi lake, akasema anakwenda chooni, akahamia behewa la pili. Huko nako walikuwapo aliowauzia, na walipomwona walimsogezea nafasi bila kusema kitu, kama anavyosogezewa nafasi mshtakiwa. Akaenda la tatu. Mama mmoja akamwonyesha kichupa. Akafika mwisho wa treni, akafungua mlango, akashuka hadi ngazi ya chini, akatazama reli zinazoning'inia na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita chini yake kwa kasi.

"Unakwenda wapi?" Cletus alikuwa nyuma yake.

"Nilitaka kupima kina."

"Jana aliingia mpiga breki wetu, maji yakamfika kifuani kabla hajapiga hatua kumi. Na huko msituni kuna simba, si wa kusimuliwa. Rudi ukakae."

Akarudi. Hapakuwa na benchi lingine lenye nafasi ila lile lile, pembeni ya Kashinje, magoti yake yakigusana na ya Emelyne.

Candide alikuwa analia. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa chembamba, hakina mwisho, kinaingia masikioni na kukaa humo. Mwili wake ulikuwa moto, na alikuwa akitetemeka wakati wengine wanatoka jasho.

"Ni hao mbu wa jana," akasema mtu wa nyuma, kwa sauti ya kusikika.

Cletus, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Malaria haiingii jana ikatoka leo. Mtoto katoka nayo Katumba."

Osward akashusha pumzi. Emelyne akaiona ile pumzi.

"Hilo nalijua," akasema, akimtazama machoni. "Sijasema umemuumiza. Lakini tangu alfajiri analia, na nguvu zinamwishia. Jana jioni ulipokuwa unaongea alinyamaza. Alikutazama mdomo muda wote. Kwa hiyo kaa hapo uongee."

"Niongee nini?"

"Kile unachojua kuongea."

Osward akaanza. Alimwambia mtoto habari za sungura, habari za treni, habari za mwanamume wa Kasekese aliyenunua ng'ombe akauziwa kivuli chake. Candide akanyamaza kweli. Akamkazia macho mekundu, akanyoosha mkono, akashika kifungo cha shati lake. Lakini kila Osward alipofika mahali pake pa kukatizia, ulimi wake ulisimama wenyewe, kama punda anayejua nyumbani. Alipanda hadithi mpaka kileleni, na kileleni hapakuwa na kitu isipokuwa begi. Akinyamaza, mtoto analia. Akaruka kwenye hadithi nyingine. Ikakatika. Nyingine. Ikakatika.

"Yule wa ng'ombe alifanyaje?" akauliza Kashinje.

"Alikwenda zake."

"Huo ndio mwisho?"

"Ndiyo."

"Aa, hapana. Huo si mwisho, umechoka tu." Mzee akageukia wenzake. "Huyu bwana hadithi zake zote ni mikia iliyokatwa."

Kuna waliocheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumfurahia. Mchana ukawa mrefu. Chakula kilikuwa kimeanza kuadimika, watu wakagawana mihogo mibichi na karanga, na Osward naye akagawiwa, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Hakuthubutu kusimama. Alipojaribu kunyoosha miguu, mkono wa Candide ulivuta kifungo, na Emelyne aliinua macho. Jasho lilimtoka mgongoni. Sauti ikaanza kukwaruza. Hakuwahi kuongea siku nzima, kazi yake ilikuwa ya nusu saa.

Alasiri, mtoto alipoanza tena kile kilio chembamba, Emelyne akasema, "Mwambie ile ya jana. Ya kibanda."

"Hiyo si ya watoto."

"Jana ulimwambia nusu."

"Dada, nakuomba."

"Tuambie!" wakasema watu wa benchi la nyuma. "Aliona nini mle ndani?" Na sauti zikadaka kutoka mwanzo wa behewa hadi mwisho, aliona nini, aliona nini. Hata waliosimama mlangoni wakaingia ndani. Osward akatazama huku na huku. Miguu ya watu ilikuwa imeziba njia yote.

Sasa, hadithi nyingine zote Osward alizitunga, na kweli hakujua ziliishia wapi. Hii hakuitunga. Aliikatiza kwa miaka mingi, soko kwa soko, mpaka akaanza kuamini kwamba haina mwisho kama zile nyingine.

Akainama, akasema kwa sauti iliyobaki, ambayo haikuwa kubwa.

"Mle ndani aliona bibi kizee. Mama yake Ponsian. Watu wote walidhani alishahamia Sikonge kwa ndugu zake. Lakini hakwenda. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka sabini ya moshi, na kijijini walikuwa wamekufa watoto watatu kwa mpigo. Watu wakaanza kusema macho yale si bure, ni ya mchawi. Wewe unajua, wakishasema hivyo. Basi mwanawe akamfungia mle, akaziba mlango kwa udongo, ili mtu akipita aone ni kibanda kibovu tu."

Candide alikuwa ananyonya ulimi wake mkavu, macho kwenye mdomo wa Osward.

"Mke alipojua, hakusema. Akawa ndiye anayepika sahani ya pili vizuri. Walikuwa na mtoto wao mmoja wa kiume, wa miaka minane. Naye akajua. Akawa anapelekwa kumsalimia bibi yake kupitia kwenye lile tundu. Bibi alimpapasa uso kwa vidole. Wakamwambia, usimwambie mtu. Akasema, sitamwambia mtu."

Akanyamaza. Hakuna aliyemhimiza.

"Huyo mtoto shuleni hakuwa na rafiki. Hakuwa hodari wa mpira, na kaptula yake ilikuwa na kiraka. Siku moja wakati wa mapumziko aliwaambia wenzake wawili, kule shambani kwetu kuna kibanda hakina mlango. Wakasogea. Akasema, lakini kina tundu. Wakaja wengine. Wakawa wamemzunguka, kumi, kumi na tano, wamefungua midomo, wanamtazama yeye. Yeye! Hajapata kutazamwa hivyo. Alitaka kuacha pale. Akashindwa kuacha. Akasema, na kwenye lile tundu hutoka mkono."

"Ee Mungu," akasema mama mmoja.

"Walikuja kesho yake asubuhi, wanaume, na majembe. Wakabomoa ukuta. Bibi alitoka akiwa ameziba macho kwa mwanga. Wakamkimbiza. Ponsian walimshika wakamkalisha chini. Baada ya siku tatu ndipo walimkuta bibi, kule kwenye kijito. Alikuwa amekwisha."

Maji yalisikika yakipita chini ya treni. Mzee Kashinje alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake vinene vilikuwa vinakuna vipele bila yeye kujua.

"Huyo mtoto aliyesema," akauliza polepole, "sasa yuko wapi?"

Candide alikuwa amesinzia, lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye kifungo, na Osward hakuuondoa. Alikaa hivyo hivyo, mgongo umepinda, mpaka giza likaingia. Mbu walimla usoni, hakuwafukuza, maana angemwamsha mtoto.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, walisikia mngurumo upande wa Katumba. Wafanyakazi wa reli walikuwa wametumia magogo na mawe kushikilia reli za nyuma, na kiberenge kidogo kikapita juu yake, kinayumba. Cletus akapaza sauti: wagonjwa tu, na wanaowauguza. Emelyne akasimama na mtoto. Ilibidi Cletus amfungue Candide vidole kimoja kimoja kutoka kwenye shati la Osward.

"Nami nikusaidie kumbeba," akasema Osward, na hata yeye hakujua anasema kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya kutoka.

Emelyne akamtazama, akatazama begi jeusi chini ya benchi.

"Nitambeba mwenyewe," akasema. Akagusa kifuko cha shingoni. Siku tatu kati ya saba zilikuwa zimekwisha, na alikuwa akirudi alikotoka.

Wengine walikaa mle siku mbili zaidi. Hakuna aliyempiga Osward, wala kumtukana. Hawakumwomba hadithi tena. Walizungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya kichwa chake, habari za mpunga na watoto, na alipojaribu kuchangia walimpisha amalize kisha wakaendelea. Treni ilipowarudisha Mpanda, alishuka wa mwisho. Begi alilisahau, au alijifanya amelisahau. Hata Cletus alipomwita kwa jina hakugeuka.

Baada ya wiki mbili njaa ilimrudisha sokoni. Alipata sindano za kushonea na vitana, vitu ambavyo mtu anavijaribu pale pale akiona ni vibovu anaviacha. Watu walipomwona walisogea, kama kawaida. Wakamwambia, Sumaku, tupe ile ya kibanda, tumesikia siku hizi ina mwisho. Osward akasema hiyo ameisahau. Wakamngoja aanze nyingine. Alisimama mbele yao, kitambaa mkononi, mdomo umefunguka, na wote wakimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yale yalimbana kifua kama benchi la treni. Akauza sindano bila hadithi. Aliuza chache. Kesho yake akaja tena, kwa sababu kazi nyingine hakuijua.

Mwezi wa nne, mvua zilipopungua, akaenda Katumba. Aliulizia nyumba kwa nyumba kwa Emelyne mwenye binti aitwaye Candide, na kila mtu alipokuwa akifikiri kabla ya kujibu, yeye aliogopa jibu. Mwishowe akaonyeshwa shamba. Emelyne alikuwa anapalilia maharage, peke yake, mgongo umeinama.

"Amahoro, dada," akasema Osward, kwa Kirundi kidogo alichokijua.

Emelyne akainuka, akamtambua, akajipangusa paji la uso.

"Amahoro. Karibu."

"Nimekuja kuuliza hali ya mtoto."

"Mzima. Walimtundikia maji ya kwinini siku nne. Yuko nyumbani kwa jirani, amekuwa mtundu."

Osward akashika kiuno, akatazama chini. Maneno yake yote mazuri yalimkimbia.

"Na mama yako kule Ulyankulu?"

"Walimzika bila mimi kufika. Kibali kingine kilitoka kimechelewa."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

Akarudi kwenye jembe. Osward akabaki amesimama ukingoni mwa shamba, hajui kama ameruhusiwa kuondoka. Emelyne alipalilia mstari mzima mpaka mwisho, akageuka, akaja na mstari wa pili kuelekea alipo. Alipomfikia alisimama.

"Bibi yako," akasema. "Aliitwa nani?"

Jembe la mtu mwingine lilisikika shamba la jirani. Osward alikuwa hajalitamka jina lile tangu alipokuwa na miaka minane, na alilitafuta kama mtu anayepapasa gizani.

"Gaudensia," akasema.

"Gaudensia," akarudia Emelyne, kama anayeliweka mahali. Kisha akainama tena. "Haya, kaka. Gari la Mpanda huwa linapita saa nane, na mimi nina kazi."

Osward akaaga. Akashika njia ya kwenda barabarani kati ya mahindi, akitembea polepole, na jina lile akilisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.